Nani Alipiga, Lini na Wapi

Mimi si mpigaji. Sisomi nota, na gitaa pekee nililowahi kununua liliishia kutundikwa ukutani likawa pambo la sebule. Kazi yangu katika muziki ni kusikiliza, na kusikiliza huko ndiko kulikonifanya mkusanyaji wa santuri. Mgeni akiingia kwangu akauliza yale makabati ya nini, mke wangu humjibu kabla sijafungua mdomo kwamba mzee huyu ana ugonjwa wa jazi. Sikatai. Ila ugonjwa wenyewe una utaratibu wake, na huo utaratibu ndio ninaotaka kuutolea ushuhuda. Vijana wengi hunijia wakiuliza waanzie wapi, wakitarajia niwape orodha ya nyimbo. Nyimbo watazipata wenyewe. Ninachowapa ni maswali matatu ya kuuliza kila santuri inapozunguka: nani alipiga, lini, na wapi.

Nilikulia Tanga, mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwetu jina la jazi lilikuwa la bendi ya dansi: magitaa, tumba, saksafoni, rumba na chacha, watu wamevaa suti wanacheza mpaka usiku wa manane. Jazi ya Wamarekani weusi niliijua baadaye, kwa redio ya mjomba, kwenye masafa mafupi. Sauti ya Amerika walikuwa na kipindi cha jazi kilichoendeshwa na mtangazaji aitwaye Willis Conover. Alikianza mwaka 1955 na akakishikilia mpaka alipofariki mwaka 1996. Conover alikuwa na sauti nzito na Kiingereza cha polepole, cha kumfaa msikilizaji aliyeko mbali ambaye lugha hiyo si yake. Redio ilikuwa inakuja na kuondoka, mara mluzi, mara mngurumo kama wa bahari, lakini majina yalipenya: huyu ni fulani kwenye tarumbeta, huyu fulani kwenye besi. Mjomba alikuwa anayaandika kwenye daftari la mistari. Mimi nilidhani ni mambo ya uzee tu. Sasa ninalo daftari langu, na limeshajaa.

Kwa nini majina na tarehe ziwe muhimu kiasi hicho? Kwa sababu katika jazi wimbo ni kisingizio cha kukutana. Wimbo mmoja unaweza kurekodiwa na watu mia, na kila mmoja akatoka na kitu chake. Mfano ninaoupenda ni Body and Soul. Ulikuwa wimbo wa mapenzi uliokwisha kuzoeleka Marekani pale Coleman Hawkins alipoingia studio mjini New York tarehe 11 Oktoba 1939 na saksafoni yake ya tena. Anaugusa wimbo mwanzoni, kiasi cha kukujulisha kwamba ndio wenyewe, halafu anauacha na kwenda zake. Kwa muda wa dakika tatu hivi anatunga palepale, sentensi juu ya sentensi, na huusikii tena ule wimbo wa asili. Walionunua santuri ile walinunua fikra za mtu mmoja za siku moja. Angekuja studio kesho yake, tungekuwa na Body and Soul nyingine.

Tarehe hukueleza pia nini kiliwezekana. Hawkins alikuwa na dakika tatu kwa sababu santuri za wakati ule, zile nzito zinazovunjika kama sahani, zilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja haukubeba zaidi ya hapo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ikaleta santuri ndefu inayozunguka mara 33 na theluthi, na upande mmoja ukaweza kubeba dakika ishirini na zaidi. Sasa mweke John Coltrane mbele yako. Oktoba 1960 alichukua My Favorite Things, wimbo wa mchezo wa kuigiza uliokuwa ukivuma New York, akaurekodi kwa karibu dakika kumi na nne. Mtu asiyejua habari ya santuri atasema Coltrane alikuwa mpenda marefu kuliko Hawkins. Pengine. Lakini Hawkins hakupewa nafasi ya kuchagua.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa wageni wa jazi ni haya: "Mzee, naona kila mtu anapiga lake." Wana haki ya kusema hivyo, maana masikio yetu yamezoeshwa kumfuata mwimbaji, na hapa mwimbaji hayupo. Dawa yake ni kusikiliza wimbo mmoja mara kadhaa, na kila mara umfuate mtu mmoja tu. Chukua So What, wimbo wa kwanza katika santuri ya Miles Davis iitwayo Kind of Blue. Mwanzoni piano na besi vinatafutana taratibu, bila mdundo. Kisha besi ya Paul Chambers inashika usukani. Besi ndiyo inayoutamka wimbo, na piano inaitikia kwa milio miwili mifupi, halafu wapuliza wote wanajiunga katika kuitikia. Aliyewahi kusimama kwenye ngoma yoyote ya kwetu anaujua mpango huo: yupo mwimbishaji, wapo waitikiaji.

Umbo la wimbo ni vipande vinne vyenye urefu sawa. Viwili vya kwanza viko mahali pamoja, cha tatu kinapanda nusu toni, cha nne kinarudi chini. Basi. Ukishaujua mpando huo wa cha tatu, hutapotea tena. Baada ya besi kumaliza, Jimmy Cobb anapiga toazi pigo moja linalolipuka na kubaki hewani, na juu ya mlio wake tarumbeta ya Davis inaingia. Sikiliza hapo. Davis anapiga noti chache na kuacha nafasi. Anayemfuata ni Coltrane, na yeye haachi nafasi, anaijaza yote. Kisha Cannonball Adderley na saksafoni ya alto, mchangamfu, kama mtu aliyefika sherehe tayari ameshakula. Mwisho Bill Evans kwenye piano, na hapo wapuliza wanarudi nyuma yake na yale maitikio mawili, kana kwamba sasa piano ndiyo mwimbishaji. Watu wanne, wimbo mmoja, tabia nne. Ukishaisikia tofauti hiyo, lile lalamiko la "kila mtu anapiga lake" linageuka kuwa sifa.

Santuri hiyohiyo inanipa mfano mzuri wa faida ya kuuliza "lini". Ilirekodiwa kwa siku mbili tu za mwaka 1959, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30, New York, jengo lililokuwa kanisa. Siku ya kwanza zilirekodiwa nyimbo tatu za upande wa kwanza, na kulikuwa na mashine mbili za kurekodia, moja ya kutumia na nyingine ya akiba. Ile ya kutumia ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake, kanda ilipochezwa kwenye mashine iliyo sawa, muziki ukatoka na kasi kidogo na sauti ikapanda kidogo. Kwa zaidi ya miaka thelathini dunia nzima ilisikiliza upande wa kwanza ukiwa juu kuliko ulivyopigwa. Wapigaji waliojaribu kupiga pamoja na santuri walijikuta hawalingani nayo, na wengine walilaumu piano zao. Mwaka 1992 ndipo ikatolewa nakala iliyotengenezwa kutokana na ile kanda ya akiba, na kasi ikawa sahihi. Mimi ninazo mbili, ya zamani na ya baada ya hapo. Nikizipiga moja baada ya nyingine, tofauti unaisikia zaidi kwenye toazi na kwenye besi: katika nakala mpya Chambers anashuka chini kidogo na kukaa vizuri. Ya zamani siitupi. Hiyo ndiyo iliyowalea wasikilizaji wa vizazi viwili.

Kuna elimu nyingine iliyo kwenye santuri yenyewe, mahali ambapo watu hawaangalii: ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Iinamishe chini ya taa, utaona herufi na namba zilizochorwa. Kwenye santuri za zamani za Blue Note mkusanyaji hutafuta herufi tatu, RVG. Hizo ni za Rudy Van Gelder, fundi mitambo aliyekuwa daktari wa macho mchana na mrekodi wa jazi muda wa ziada. Alianza kurekodi sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Mwaka 1959 ndipo alipohamia studio aliyojijengea Englewood Cliffs, yenye dari refu la mbao. Sebule ile imetoa santuri ambazo leo watu huuza gari ili wazinunue. Sisemi utani.

Blue Note yenyewe ilianzishwa New York mwaka 1939, na uti wa mgongo wake walikuwa Wajerumani wawili waliokimbia utawala wa Hitler, Alfred Lion na rafiki yake Francis Wolff. Lion alisimamia rekodi, Wolff alipiga picha. Ukikaa na majalada ya Blue Note utaona picha zile: mtu ameinama juu ya saksafoni, moshi, kivuli nusu ya uso. Walikuwa wanawalipa wapigaji hata siku za mazoezi, na mazoezi hayo unayasikia. Nyimbo zinaanza na kuisha kwa nidhamu, hata pale katikati panapowaka moto. Mwaka 1965 kampuni iliuzwa, na wakusanyaji wagumu huanza kubagua hapo: kabla ya kuuzwa, baada ya kuuzwa, anwani gani imeandikwa kwenye lebo. Mimi sina fedha za ubaguzi huo. Nakala iliyorudiwa vizuri inanitosha, mradi nyuma ya jalada pameandikwa majina.

Swali la "wapi" lilinifunza kusikiliza chumba. Tarehe 25 Juni 1961, siku ya Jumapili, Bill Evans alipiga kwenye klabu ya Village Vanguard, New York, pamoja na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu. Mitambo ilikuwepo, na rekodi za mchana na usiku huo zikatoka katika santuri mbili. Tumia spika nzuri au visikilizio, uache piano ipite, usikilize nyuma yake. Bilauri zinagongana. Mtu anacheka. Meza fulani wanazungumza mambo yao kabisa, wala hawajali. Siku kumi na moja baadaye LaFaro akafa kwenye ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 25. Wale waliokuwa wakipiga soga pale mezani hawakujua wanapigiwa na nani kwa mara ya mwisho. Kila ninapojikuta ninaongea huku bendi inapiga, pale Dar au kwingine, nakumbuka ile meza na kunyamaza.

Mahali pengine "wapi" ni kabatini. Novemba 1957 Thelonious Monk alipiga na Coltrane kwenye ukumbi wa Carnegie Hall. Ushirikiano wao wa mwaka ule ulisifiwa sana na waliouona, lakini rekodi zake zilikuwa haba. Sauti ya Amerika walirekodi onyesho lile, kanda zikawekwa, zikasahaulika. Mwaka 2005 zilikutwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, na mwaka huohuo zikatolewa. Karibu nusu karne kanda zilikuwa kwenye boksi, tena boksi la shirika lilelile lililokuwa likitupigia jazi Tanga usiku. Zilipoonekana zilitambulika kwa sababu kulikuwa na maandishi na tarehe juu ya boksi. Hilo nitalirudia.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki anayeuliza maswali haya matatu hakosi kujikuta nyumbani. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi New York santuri iitwayo Uhuru Afrika. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na muziki ulipangwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye jina lake halitajwi inavyostahili. Yumo Max Roach, yumo Babatunde Olatunji wa Nigeria. Na santuri inapoanza, anayesema ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisoma Kiswahili. Fikiria mwaka huo: Tanganyika yenyewe haijapata uhuru, utakuja Desemba 1961, lakini lugha yake tayari iko studio New York pamoja na tarumbeta za Clark Terry na Freddie Hubbard. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo. Waliielewa.

Februari 1964, miezi miwili tu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, mpiga tarumbeta Lee Morgan alirekodi wimbo alioupa jina Mr. Kenyatta, sebuleni, samahani, studio kwa yuleyule Van Gelder. Na mwishoni mwa mwaka 1970 Herbie Hancock alikuwa na kundi ambalo wapigaji wake walijipa majina ya Kiswahili. Yeye alikuwa Mwandishi, mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali. Santuri yao ya mwaka 1971 inaitwa Mwandishi. Nimewahi kuwapigia vijana wa mtaani kwangu. Walicheka kusikia mpiga besi anaitwa Mchezaji, halafu besi yenyewe ilipoanza wakanyamaza. Upande wa kwanza unaanza na mzunguko mmoja wa besi usiogawanyika vizuri, mapigo kumi na matano, unakwenda na kurudi mpaka mguu wako unakata tamaa ya kuhesabu na kuanza kufuata.

Sasa mambo ya vitendo, maana ushuhuda bila vitendo ni hadithi. Santuri za jazi kwetu si nyingi. Kidogo utazikuta kwenye mitumba na kwa familia zinazohama, na Nairobi kuna vibanda vya santuri pale Kenyatta Market ambako unaweza kukaa nusu siku. Ukishika santuri, itoe kwenye jalada kabla hujatoa fedha. Hakikisha kilichomo ndicho kilichoandikwa nje. Rafiki yangu aliuziwa jalada la Coltrane, ndani mkawa na nyimbo za Krismasi. Iinamishe kwenye mwanga wa jua. Mikwaruzo myembamba ya juujuu haina neno, lakini mkwaruzo unaousikia kwa ukucha utausikia pia kwa spika. Itazame ubavuni kama imepinda. Nusa jalada. Harufu ya kuvu ikishaingia kwenye karatasi itahamia kwa majirani zake kabatini.

Pwani ina maadui wawili, joto na unyevu. Santuri zisimamishwe wima, zisilazwe moja juu ya nyingine, maana za chini zitapinda kwa uzito. Kabati lisigusane na ukuta wa nje wala lisipigwe na jua la dirisha. Ile karatasi ya plastiki iliyobana jalada la santuri mpya iondoe, kwa sababu hufungia unyevu ndani. Kuosha ni kwa maji yaliyotakaswa, yale ya betri ya gari, na tone la sabuni ya vyombo. Pitisha kitambaa laini kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikatishe, na lebo isilowe. Iache ikauke kivulini. Sindano ni muhimu kuliko vyote: sindano iliyochakaa ni patasi, inachonga muziki na kuutoa, na ukishatoka haurudi. Afadhali mashine ya bei ndogo yenye sindano mpya kuliko mashine ya kifahari yenye sindano ya marehemu babu.

Na kama huna mashine wala santuri, usione haya. Karibu kila nilichokitaja hapa kipo kwenye simu yako, na kwa visikilizio vya kawaida utazisikia bilauri za Village Vanguard sawasawa na mimi. Wapo wakusanyaji watakaokwambia hiyo si jazi. Wapuuze. Kasoro kubwa ninayoiona kwenye simu ni kwamba mara nyingi inakupa jina la mwenye santuri na picha ya jalada, basi. Mpiga besi ni nani? Ilikuwa mwaka gani, ukumbi gani? Lazima uende ukatafute mwenyewe. Nenda. Ni kazi ya dakika mbili, na ukishajua kwamba besi ile ni ya Ron Carter utaanza kumkuta Ron Carter kila mahali, na kutoka kwake utafika kwa wengine kumi. Hivyo ndivyo mkusanyo unavyokua bila orodha ya mtu: jina linakupeleka kwa jina.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya niandike. Kabati langu lina upande wa pili. Huko ziko Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, Tabora Jazz, Nuta Jazz, na Atomic ya nyumbani. Muziki wao ni tofauti na wa Monk, una asili ya Cuba na Kongo na ngoma zetu zaidi kuliko ya New Orleans. Lakini ulirekodiwa kwa namna ileile: watu wako chumba kimoja, mtambo umewashwa, wimbo unapigwa mwanzo hadi mwisho kwa pamoja. Kulikuwa na siku, kulikuwa na chumba, kulikuwa na mtu aliyekuja amechelewa na mwingine aliyekuwa na mafua. Sasa chukua santuri ndogo ya wakati ule uisome lebo. Jina la wimbo, jina la bendi, pengine jina la mtunzi, namba. Nani alipiga solo la gitaa? Saksafoni ya pili ni ya nani? Ilikuwa kabla ya yule mwimbaji kuhama au baada? Lebo haisemi.

Nikitaka kumjua mtu aliyepiga toazi New York tarehe 2 Machi 1959, namjua kwa jina, najua alizaliwa wapi, na najua kwamba alifariki mwaka 2020 akiwa wa mwisho kati ya waliopiga siku ile. Nikitaka kumjua mtu aliyepiga tumba katika wimbo uliochezwa kwenye harusi ya wazazi wangu, lazima nipande basi nikamtafute mzee anayekumbuka. Na wazee wanapungua. Mbaraka alitutoka kwa ajali ya gari mwaka 1979, akiwa bado kijana. Muhidin Gurumo, aliyekuwa na Nuta Jazz tangu ilipoanza mwaka 1964, akahama kwa miaka kadhaa, kisha akarudi na kuendelea nayo hadi ikaitwa Msondo Ngoma, alifariki mwaka 2014. Kila anapoondoka mmoja wao, majina ya wenzake wasioimba, wale wa nyuma, wapiga besi na tumba, yanaondoka naye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali tunayo, na nyingine iko kwenye kanda za redio na kwenye makabati ya watu. Daftari ndilo halipo.

Nimeanza la kwangu. Nikimpata mzee aliyepiga au aliyecheza, nampelekea wimbo kwenye simu, namwacha asikilize mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu nauliza maswali yangu matatu. Wengine hukumbuka sana jina la mpiga gitaa na hawakumbuki mwaka, basi nawauliza mambo yaliyo karibu: Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa? Mlikuwa mmeshanunuliwa vyombo vipya? Nani alikuwa kiongozi wa bendi? Mwaka hupatikana. Mara mbili wazee wawili wamenipa majina tofauti ya mtu mmoja, nami nimeyaandika yote mawili na jina la aliyenieleza, atakayekuja baadaye atapambanua.

Ombi langu kwako msomaji ni dogo. Kama nyumbani kwenu kuna santuri, au kanda, au hata wimbo mmoja wa zamani ambao mzazi wako huunyamazia redio ikiupiga, muulize leo: nani alipiga, lini, na wapi. Andika jibu kwenye karatasi pamoja na jina la aliyekujibu na tarehe uliyouliza, uiweke ndani ya jalada. Tumia penseli. Kwa unyevu wa huku kwetu, wino huchujuka.